Asubuhi Bila Fagio

Siku tuliyomzika mama, nilimpokonya jirani fagio mbele ya waombolezaji wote.

Si utani. Shangazi akanishika mkono: "Wewe, umepatwa na nini?"

Ngoja niwaeleze, maana mtaani yamesemwa mengi, na mengine ya kuongezwa chumvi.

Mama yangu walimwita Bi Fagio. Alifagia korido za ofisi za watu mpaka akastaafu, na nyumbani akawa anafagia tena. Kila asubuhi, uwanja mzima. Jani likidondoka, analo. Tulikuwa tunamtania kwamba hata kuku wakitaka kupita lazima wavue viatu.

Majani yote aliyachoma. Udongo wetu ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanapita tu kwenda mtaroni.

Basi bwana, kwenye ukumbi wa mtaa likaanzishwa darasa la udongo. Mwalimu ni binti mdogo tu, buti zimejaa tope. Mama akaenda kwa udaku, akaone watu wazima wanafundishwaje kushika matope.

Akarudi mtu mwingine kabisa.

"Mwanangu, kumbe ardhi inakula! Majani ndiyo chakula chake. Miaka yote hii mimi nainyima!"

Alikuwa anatokwa na machozi, wallahi. Kesho yake akalitundika fagio ukutani, akatangaza kwa sauti majirani wasikie:

"Fagio limestaafu, kama mwenyewe!"

Mtaa ukacheka. Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta mmoja na mtani wake wa siku zote, akajibu, "Sema umezeeka, usisingizie elimu!"

Mvua zilipokuja, mchicha ukajiotea wenyewe chini ya yale majani. Hapo mdomo wa Mama Pacha ukafungwa. Wanawake wakaanza kuja kila Jumamosi, mama anawainamisha wote, wanafunua majani kutafuta nyungunyungu. Wakimpata mmoja, vigelegele utadhani kazaliwa mtoto.

Sijawahi kumwona mama na furaha ile. Mikono ilinuka udongo hata baada ya kunawa, na alikuwa anajisifu kwa hilo.

Mimi ni mwokaji mikate. Natoka alfajiri mama akiwa bado amelala, narudi alasiri.

Siku hiyo nikarudi, mlango bado umefungwa kama nilivyouacha. Nikaita, hakuna jibu. Nikafungua kwa ufunguo wangu.

Mama alikuwa chini jikoni. Upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda kando. Macho yananiangalia.

Daktari akauliza, "Ameanguka tangu lini?"

"Nadhani tangu asubuhi."

Akashusha pumzi. "Angeletwa mapema..." Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize.

Mama hakuiona kesho yake.

Sasa fikiria, tumetoka kuzika, namkuta Mama Pacha kalitungua fagio la mama ukutani, anayafagia yale majani. Majani ya mama! Nikalikamata lile fagio, nikalivuta.

"Mama Pacha, udongo wa kaburi haujakauka, tayari unamharibia ardhi yake?"

Hakung'ang'ania. Akaliachia fagio, akakaa palepale chini, akalia kilio ambacho hata mimi mwenye mama sikuwa nimekilia.

"Siharibu, mwanangu. Miaka yote nimeamka kwa fagio la mama yako. Chwa, chwa. Nikilisikia, najua mwenzangu kaamka mzima. Likichelewa, nagonga ukuta, ananitukana, nacheka. Lilipostaafu, nikazoea kimya. Na asubuhi ile ilikuwa kimya tu, kama asubuhi nyingine. Nilitaka kulisikia mara moja tu."

Nikakaa naye kwenye majani, nikamkumbatia, tukalia mpaka shangazi akaja kutuinua.

Ndugu zangu, silichukii lile darasa. Mwalimu alisema kweli, na uwanja wetu mpaka leo haufagiwi. Lakini kila Jumamosi mtaa mzima uliinama pale kuangalia kama nyungunyungu wako hai. Asubuhi ile mama alilala sakafuni, hatua chache tu kutoka hapo, akisubiri mtu mmoja agonge.

Ipendeni ardhi, ilisheni. Ila mkiacha jambo la zamani, ulizaneni kwanza lilikuwa limebeba nini. Na kama una jirani mzee, nenda kamgongee sasa hivi. Akikutukana, shukuru.