Diski Iliyokuwa Inakufa

Nilikuwa na studio ndogo ya picha katika mtaa wa Jabe, na kompyuta moja iliyobeba kazi yangu yote. Asubuhi moja ikaanza kugongagonga kwa ndani. Humo mlikuwa na harusi ya familia moja ya Ngagara, ambayo sikuwa nimeikabidhi bado. Mlikuwa pia na sauti ya marehemu baba, niliyemrekodi akituhadithia alivyoanza ufundi wa magari.

Nilimwita fundi wa kompyuta, dada mmoja wa Uvira. Mama alikuwa amekaa nyuma yetu na tasbihi yake. Fundi alisikiliza ule mlio wa kugonga, akanikataza kufungua chochote.

"Diski iko inakufa," alisema. "Tutoe kwanza liste ya majina ya vitu vyote, kisha muchague. Sijui itatupatia ngapi."

Akaandika amri moja fupi. Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, folda na faili zilizomo: ubatizo, Idi, picha za pasipoti, harusi. Ghafla yakasimama. Diski ikagonga kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa meza. Baadaye yakaendelea hadi mwisho, na fundi akaihifadhi orodha kwenye fulashi.

Tulipoisoma, folda ya baba ilikuwa nyepesi, ya harusi nzito mno. Fundi akauliza aanze na ipi. Nilitaka kusema ya baba, nikageuka kumtazama mama. Mama ndiye aliyejibu.

"Anza na harusi. Ile ni amana ya watu."

Nikamweleza taratibu kwamba huenda tusimsikie baba tena. Akasema ameelewa.

Harusi ilinakiliwa polepole, ikikwama na kuendelea. Ilipokamilika, fundi aliharakia folda ya baba. Rekodi ya kwanza ikapita. Katikati ya pili diski ikanyamaza, na haikuamka tena.

Katika rekodi iliyopona, baba anauliza kama simu imeanza kurekodi, anakohoa, kisha anaelezea gereji yake ya kwanza. Mama aliisikiliza mara moja, akaenda kuswali.

Nilimnunia siku kadhaa. Kisha bibi harusi akaja studio kuchukua picha zake. Nilimwita mama, nikampa bahasha ya picha, nikamwacha amkabidhi mwenyewe.