Ukuta Uliokuwa Ukitutia Madoa

Chuoni kwetu Kigoma, hujawa mwanafunzi mpaka ukuta ukutie doa. Jengo la zamani, lile la madirisha membamba yanayotazama ziwa, likipigwa na jua la Septemba hutoa jasho la rangi ya chungwa. Mgeni hukaribishwa kwa heshima zote dawati la nyuma, aegemee, apumzike. Akisimama, mgongo wa shati jeupe umeshaharibika, na darasa zima linampigia makofi. Mimi nilipigiwa, na shati langu ninalo hadi leo ninapofundisha darasa hilohilo.

Historia ya jengo kila mtu alikuwa na yake. Wa Ujiji waliapa lilikuwa ghala la chumvi. Wa Ilagala walisema jela. Mimi niliongezea mzimu, kwa raha zangu tu.

Mwaka jana akaja injinia kukagua. Akagonga ukuta, akatazama madoa, akatikisa kichwa: maji yanapanda kutoka ardhini, kuta zimeoza, libomolewe. Angerudi Jumatatu kutoa neno la mwisho. Niliumia, jamani, hata chakula hakikupita.

Jumapili nikaenda Mwandiga kumsalimia mama. Akanipakulia ugali na dagaa wa mawese, akanilazimisha kula. Kwa jinsi mawazo yalivyokuwa mbali, tonge likaniponyoka likatua kifuani. Nikalitazama doa. Rangi ileile! Nikaruka, nusura nimwage mboga.

"Mama, ukuta wa chuo unatoa mawese!"

"Sasa utoe nini?" akasema, bado anatafuna. "Si ndiko tulikopeleka mafuta tukiwa wasichana? Debe kichwani kutoka huku mpaka kule, tajiri anapokea mlangoni. Mapipa yamepangwa ukutani, yanavuja kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe ulikuja kunitambia shati na makofi yako tu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kesho yake nikampakia kwenye bajaji, huyo, chuoni. Injinia akamwamkia, akamsikiliza kwa adabu, lakini hakuamini. Nikafuta ukuta kwa karatasi, nikaiinua juani: inapitisha mwanga kama ile inayofungiwa maandazi. Akainusa. Akafuta na yake, akanusa tena, akaanza kucheka peke yake. Akasema kama ni mafuta, basi hesabu yake yote ilianza vibaya, ngoja apime upya. Alipima mpaka mchana, akagonga matofali, akachimba msingi, kisha akatangaza: jengo libaki. Vigelegele! Nilimkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui.

Katikati ya shangwe mama akaingia darasani, nasi tukamfuata. Mlango ule hakuwahi kuuvuka. Enzi zile mzigo wake uliishia kizingitini, na shule hakuipata kabisa, hata darasa la kwanza. Akalipita dawati la mbele, akalipita la katikati, akakaa la nyuma.

"Mama, usiegemee," nikamwonya. "Kitenge ni kipya."

Akaniangalia. Akaegemea, akajisugua kabisa, bega hili na bega lile. Kisha akasimama, akatugeuzia mgongo, akasubiri makofi yake.