Rovu la Tereza

Juzi, dukani Chanji, muuzaji alinisifia chumvi yake: ina madini joto, inazuia rovu, ule uvimbe wa shingoni. Nikamkumbuka Tereza, niliyesoma naye kabla sijaacha shule, na wivu ukanirudia, uzee huu wote.

Mchana mmoja mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alitutuma kumchotea maji. "Wewe Tereza baki. Rovu linaletwa na kubeba mizigo kichwani." Basi mwenzetu akakaa jikoni kwa mwalimu anachambua maharage, kwenye harufu ya vitunguu, redio mpya ya kutoka mpakani Kasesya ikimwimbia. Sisi haoo mtoni, na upepo wa baridi wa Ufipa mnaujua.

Mwalimu kasema, nani abishe? Nikachagua ndoo kubwa kuliko zote ili na mimi shingo ivimbe. Nilirudi nimelowa, najipapasa koo. Wapi! Mwalimu akafurahi: "Huyu ana nguvu! Kuanzia leo ndoo kubwa ni yake."

Nikamfuata Tereza jikoni. "We, hilo rovu ulilipataje?"

"Lichukue basi," akasema. "Nikilala linanikaba."

Sikumwamini hata kidogo. Niliona ananinyima tu.