Ukurasa mmoja na fimbo ya Daktari

Leo nimemdanganya mjane, na amenikamata.

Mnamkumbuka Daktari, rafiki yangu tuliyemzika mwezi uliopita. Ndiye aliyenifundisha gofu hapa Kasulu, kwenye uwanja wa shule yetu. Shimo lenyewe kopo la maziwa tulilolifukia.

Mpira ukitua kwenye tope, nilikuwa nausogeza pazuri. Alikuwa anakasirika kweli.
"Mwalimu, piga hapohapo ulipotua."

Hadithi ninayoiandika nayo nimeifanyia vivyo hivyo. Miaka miwili naanza upya ukurasa wa kwanza. Daktari alipoomba kuisoma, nilimwambia haijawa nzuri.

Leo mkewe kaja kuaga, anarudi kwao Moshi. Kaniachia fimbo ya gofu ya marehemu.
"Ile hadithi uliimaliza, shemeji?"
Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.
"Basi nisomee."

Nikasoma ukurasa wangu. Ulipoisha nikaendelea kutunga, macho kwenye karatasi ileile, mpaka nikafika mwisho.

Akajifuta machozi.
"Karatasi ni moja, shemeji. Nimeona."
Nikaikunja ile karatasi.
"Hata hiyo moja mume wangu angeisoma."

Ameshaondoka. Nimekaa nikaiandika yote, kama nilivyomsimulia.

Nani anataka kuisoma? Haijawa nzuri.