Daraja Lisilo na Mahali pa Kushika

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata nikijaribu, na nimejaribu sana. Ilikuwa asubuhi ya jua kali baada ya mvua, lile jua linalofanya majani ya chai yang'ae kama yamepakwa mafuta, nami nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilijiona mjanja kuliko mtu yeyote kati ya Litein na Kericho, na kwa bahati mbaya watu waliniamini.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia umechaguliwa, wewe na wenzako, kuingia kwenye kamati ya majirani wa kiwanda. Nimesikia pia kwamba kampuni inakopa tena nje, na wageni wa benki ya maendeleo watakuja kuwauliza maswali. Basi kaa. Chai yako iache ipoe kidogo. Habari hii haina haraka, ilishachelewa zamani.

Mimi dunia nilijifunzia katika soko la Litein, nikiuza kuku. Muuza kuku hujua mambo mawili: kutaja bei bila kupepesa jicho, na kuhesabu kila kitu mara mbili, maana kuku hutembea. Ndiyo sababu watu wa kilima chetu walipotafuta mwenyekiti wa kamati hawakuniuliza cheti. Walisema tu, "Huyu hapunjwi."

Wakati huo kampuni ilitaka kupanua kiwanda. Benki moja ya maendeleo kutoka nchi za nje ikakubali kuikopesha, lakini kwa sharti: majirani nao wafaidike. Sisi tuliokaa upande wa pili wa mto tulikuwa tunazunguka mbali kufikisha majani kwenye kituo cha kupimia. Kwa hiyo ikaandikwa kwenye mkataba kwamba kampuni itatujengea daraja la miguu, lenye mbao nene na vyuma vya kushika pande zote mbili. Niliusoma ukurasa huo mara mbili. Vyuma vilikuwepo.

Daraja likaja. Mbao zikaja. Vyuma havikuja.

"Vitakuja tu," alisema afisa wa kampuni aliyeshughulika na mambo ya majirani, mtu mpole mwenye viatu ambavyo tope lilikuwa halijavijua. Tukavuka hivyo hivyo, vikapu mgongoni, mikono ikining'inia, kama paka anayetembea juu ya ukuta. Ila paka hajabeba majani.

Wiki moja kabla ya ukaguzi wa benki, afisa yule alinitembelea nyumbani. Alikunywa mursik yangu, yale maziwa yetu ya mgando, akasifu kibuyu, akauliza habari za ng'ombe, halafu akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwenyekiti, mgeni wa benki akiridhika, sehemu ya pili ya mkopo itatoka na kiwanda kitasonga. Akikuta malalamiko, kila kitu kitasimama. Shule yenu haina maji, ama?"

"Haina."

"Tunaweza kuleta matangi manne."

"Manane," nikasema, bila kupepesa.

"Aah, mwenyekiti! Manane unataka kufuga samaki?"

Tukamalizia kwa sita. Alipoondoka nilicheka peke yangu. Matangi sita, na mimi nimetoa nini? Kimya tu. Sikujiwekea hata kijiko mfukoni, mwanangu, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani mtu asiyejichukulia kitu hawezi kuwa ameuza kitu.

Siku yenyewe watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Mgeni alikuwa mama mmoja Mzungu, mwenye daftari na kofia kubwa, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Sasa sikiliza ujanja wangu. Kwetu, ukishakunywa maziwa pamoja na mgeni, ni aibu kumtolea malalamiko. Utakuwa kama mtu anayemwaga alichomkaribishia mgeni. Nililijua hilo vizuri. Kwa hiyo nikaagiza maziwa yapitishwe kwanza, maswali baadaye.

Kikombe kilipomfikia Kogo Tabutany, maana bibi kwetu huitwa kogo, ajuza aliyekuwa amezalisha nusu ya mama zetu, alikikataa.

"Nitakunywa nikimaliza kusema," alisema, akasimama kwa fimbo yake. "Mwambie mgeni, hili daraja halina mahali pa kushika. Mvua ikinyesha, mbao zinateleza kama sabuni. Sisi tutashika nini?"

Watu wakageuka kunitazama mimi. Niliona matangi yangu sita yakianza kurudi manne, kisha sufuri. Nikafanya kile nilichozoea kufanya sokoni mteja akigundua kuku ni mgonjwa: nikachekesha.

"Shika Yesu, kogo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Dadangu mdogo, Chelangat, alikuwa amekaa mbele, na ndiye aliyecheka kuliko wote, mkono mdomoni, akiona fahari kuwa na kaka hodari wa maneno. Mgeni naye akatabasamu, akaniuliza bibi amesema nini.

"Anamshukuru Mungu kwa daraja," nikamwambia.

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Kogo Tabutany aliketi. Maziwa hakunywa.

Matangi yalikuja, sita. Niliyahesabu mara mbili.

Mwezi wa nne mvua ikaanza, ile ya kwetu isiyouliza mtu. Chelangat ndiye aliyekuwa ananichumia chai, kwa kuwa mimi siku hizo nilikuwa mtu wa mikutano. Asubuhi moja alivuka na wanawake wawili wakiwahi lori la majani, kikapu kimejaa na majani yamelowa, mzigo mara mbili. Wale wawili walikuwa nyuma yake. Waliniambia hakupiga kelele. Mguu uliteleza, naye akanyoosha mkono pembeni, hivi, kama mtu anayejua kuna kitu hapo.

Hapakuwa na kitu.

Kikapu tulikipata kwanza, kimenasa kwenye mizizi, majani yakiwa bado ndani. Yeye tulimpata kesho yake mchana. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kampuni ilileta mahema na viti vya matanga. Nilijikuta navihesabu viti, kisha navihesabu tena. Kichwa kikikataa kuhesabu jambo moja, hutafuta lingine.

Watu walipoondoka kaburini, Kogo Tabutany alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi. Nilingoja fimbo. Ningeshukuru kupigwa.

"Siku ile sikuwa nafanya mchezo," alisema.

"Najua, kogo."

"Si watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mgeni alikuja. Wewe ukamfungia mgonjwa ndani, ukamwambia mgeni hapa sote ni wazima."

Nilitazama tope kwenye viatu vyangu, mwanangu. Mimi, ambaye maneno yalikuwa yakinitoka kama pumba kwenye mashine ya kusaga.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika nilichosema siku ile. Vile nilivyosema."

Nikaandika. Ilikuwa nusu ukurasa. Chini yake nikaongeza mstari wangu mwenyewe: mimi ndiye niliyetafsiri uongo, na dada yangu amekufa hapo. Anwani ya benki nilikuwa nayo muda wote, mgeni alikuwa ametuachia kila mwanakamati karatasi yenye mahali pa kupeleka malalamiko. Yangu niliitoa kwenye mfuko wa koti la harusi, kama tunavyosema, yaani mahali ambapo mtu huweka kitu asichokusudia kukitumia. Nikapanda hadi Kericho nikaituma barua.

Mama yule alirudi, safari hii na mkalimani wake. Hakunigombeza. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa ule, akanionyesha alichoandika, akalifunga. Kampuni ikaambiwa mkopo hausogei mpaka daraja likamilike, na vyuma, vilivyokuwa vimekosekana muda wote huo, vikapatikana. Nguzo ishirini na mbili upande huu, ishirini na mbili upande ule. Nusu ukurasa wa bibi kizee asiyejua kusoma ulifanya hivyo. Ungeweza kufanya hivyo kabla ya mvua.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiichukie kampuni, wala usiukatae mkopo. Kiwanda kikikua, na majani yetu yana pa kwenda. Tena hiyo benki ya mbali, ikiweka sharti kwamba majirani watendewe haki, imekupa kitu ambacho baba zetu hawakuwa nacho. Lakini haina macho huku kwetu. Macho yake ni wewe, na sikio lake ni mdomo wako. Ukidanganya, imekuwa kipofu. Kilichoandikwa kwenye mkataba si zawadi, na hakibadilishwi kwa zawadi, hata zawadi nzuri. Ahadi ni deni. Matangi yale bado yapo, watoto wanakunywa maji yake, na mimi sijawahi kuyanywa. Mzee akisimama na fimbo, mfasirie neno kwa neno, hata kama mkutano utaharibika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingi hakimchukui yeye aliyeficha.

Na maziwa, mwanangu, yapitishwe baada ya maswali.

Kila Jumapili navuka daraja lile kwenda kanisani. Nikifika nguzo ya tisa, pale Chelangat alipoteleza, nasimama, nashika chuma kwa mikono miwili. Watu hudhani ni uzee.

Mungu akupe ulimi usioona haya mbele ya mgeni. Akupe na wazee wa kukukatalia maziwa. Na siku utakapoteleza, maana utateleza, mkono wako ukinyooka pembeni, ukute kuna kitu hapo.