Mishale Iliyokutana Mnarani

Siku kaka yake alipokosa kufika nyuma ya mnara, Mama Mishale kwanza alikasirika.

Ilikuwa asubuhi ya kazi kama nyingine. Waliachana getini kama walivyozoea. Yeye alishika njia ya kushoto, inayofuata ufuo na vichaka. Kaka akashika ya kulia, inayopanda ngazi za mawe hadi juu ya mwamba. Njia zote mbili ni moja. Inaizunguka rasi na kurudi pale pale getini, na katikati ya mzunguko umesimama mnara wa taa.

Kila mmoja alikuwa na nusu yake. Alifagia mchanga, akakata matawi yaliyoingia njiani, akaokota chupa za wageni. Wakikutana mnarani walikunywa chai, kisha kila mmoja akamalizia mzunguko kwa kupita nusu ya mwenzake na kuikagua.

“Alikuwa ananisema mpaka wageni wanacheka,” anakumbuka. “‘Wewe mtoto, leo umefagia au umepapasa?’ Mimi nina wajukuu, lakini kwake nilikuwa mtoto tu.”

Siku hiyo chai ilipoa. Akaingia nusu ya kaka huku akipanga maneno ya kumwambia. Kwenye ngazi alikuta fagio limeegemezwa ukutani, na njia imefagiwa upande mmoja tu. Wageni walikuwa wameshambeba kaka na kumshusha getini. Moyo wa kaka ulisimama kabla gari halijafika hospitali.

Asubuhi hii Mama Mishale, kama wageni wanavyomwita, anapita mbele ya kibanda cha tiketi akiwa na reki begani. Amekwishamaliza kufagia mzunguko wote, nusu yake na nusu ya kaka. Sasa anauanza upya, mikono mitupu ukiacha hiyo reki.

“Dada, si ulishapita hapa?” anauliza mkata tiketi, mwanamume mnene ambaye amefanya naye kazi tangu njia ilipofunguliwa.

“Nimepita.”

“Sasa unaenda wapi?”

“Kukagua.”

“Kumkagua nani, na umefagia mwenyewe?”

Anahamishia reki bega la pili na kuendelea. Mkata tiketi anatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya chini kwamba kwa mwendo huu mwamba utatoboka.

Hawezi kutulia. Nyumbani anakula amesimama, sahani mkononi, huku mkwe wake akimsogezea kiti. “Mama, kaa basi, chakula hakikimbii,” mkwe humwambia. Anakaa, anainuka, anakwenda mlangoni kutazama kama mvua itanyesha. Kazini ni hivyo hivyo. Anang’oa jani lisilomzuia mtu. Anahamisha jiwe, kisha analirudisha.

“Zamani nilikuwa naharakisha ili anikute nimemaliza,” anasema. “Sasa sijui naharakisha nini.”

Jina la Mama Mishale limetokana na rangi. Yeye na kaka ndio waliochora mishale myeupe kwenye mawe ili wageni wasipotee. Walichora jinsi walivyofanya kazi: kila mmoja alianzia getini upande wake na kuchora akielekea mnarani. Ya kaka ni minene, mkia mfupi. Ya dada ni myembamba, na kaka alikuwa akiulizia kila siku kama mishale hiyo imeshakula.

Hakuna aliyeona kosa. Mgeni aliyefuata mishale ya kushoto alifika mnarani vizuri, na huko akakuta mishale ya kaka ikimtazama usoni, kama inayomwambia arudi alikotoka. Wa kulia naye alikutana na ya dada. Lakini saa ambazo wageni hufika mnarani, ndugu hao walikuwa wameketi pale na chai yao. Mmoja aliinua mkono na kusema, “Endelea tu, utatokea getini.” Miaka yote hiyo kumbe alama zilikuwa ni wao wenyewe.

Baada ya mazishi, mnarani hapakuwa na mtu. Baba mmoja na binti zake wawili walifika hapo, wakaona mishale inawarudisha, wakadhani wamepotea. Wakashika kijia cha wavuvi kinachoshuka miambani. Maji yakajaa wakiwa huko chini. Wavuvi waliwatoa wakiwa wamelowa hadi shingoni, binti mdogo akilia kwa ajili ya kiatu chake.

Msimamizi wa njia alikuja kesho yake. Alisema wageni wote waende upande mmoja, na mishale ya nusu moja ifutwe na kugeuzwa. Jambo hilo lisipofanyika kabla ya mwezi kwisha, njia itafungwa. Mama Mishale analipwa kwa siku. Geti likifungwa, hana siku.

“Alitaka tubakishe mwelekeo wangu,” anaeleza. “Kushoto ni tambarare, wazee wanaanza taratibu. Akanipa brashi ya waya, akaniambia nikaisugue ya kaka.”

Alikwenda. Alipiga magoti kwenye ngazi, mbele ya mshale wa kwanza. Akausafisha vumbi. Akausafisha tena. Kisha akainuka, akaufagia ukuta ambao haukuwa na kitu. Siku zilikwenda hivyo; asubuhi anapanda na brashi, mchana anashuka nayo ikiwa kavu. Mkata tiketi alijitolea kumfanyia kazi hiyo akiwa hayupo.

“Nilimwambia, ukiugusa tutagombana hadi uzeeni.”

“Uzeeni tumeshafika,” mkata tiketi anadakia kutoka dirishani.

Mvua ndiyo iliyomtoa njia panda. Akishuka ngazi zilizolowa, miguu ilimtoka, akateleza na kukaa kitako. Hakuumia. Alikaa pale akiwatazama wageni wanaoteremka wakijishika ukutani kama watoto wanaojifunza kutembea, na wale wanaopanda wakipita bila taabu. Alipoondoka hapo alikwenda moja kwa moja kumpigia msimamizi simu.

“Nilimwambia ngazi zipandwe, zisishukwe. Mtu azipande asubuhi na nguvu zake, ashukie kwangu, tambarare. Akasema, kwa hiyo tunafuta yako? Nikasema ndiyo, yangu.”

Anasimama. Anaangalia mikono yake, yenye weupe kwenye kucha.

“Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ni ya kweli. Lakini mimi mkono wangu ninao. Yangu naweza kuichora tena.”

Aliisugua mishale yake yote, jiwe kwa jiwe, akaichora upya ikielekea getini. Mkwe wake alikuja kumshikia kopo la rangi. Mama Mishale anasema siku hizo ndizo pekee alizokaa chini muda mrefu bila kuinuka, kwa kuwa jiwe huwezi kulichora ukiwa unatembea.

Msimamizi amepita na kuridhika. Ameahidi mfanyakazi wa pili. Mama Mishale anamsubiri kwa hamu na wasiwasi pamoja. Anataka kumpa nusu ya kushoto, abaki yeye na ngazi. Kuhusu kukaguana bado hajaamua. “Nitamwona kwanza kama anajua kutaniwa,” anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. Kisha anaokota reki na kuondoka kabla swali lingine halijaisha.

Njia iko wazi kila siku. Wageni wote huanzia kulia. Chumvi ya bahari hula rangi, na mishale minene ya kwenye ngazi imeanza kupauka. Wiki ijayo itapakwa upya, na atakayeipaka ni yeye, akifuata mistari ile ile ya kaka.