Unga wa Mama Mkwe Ndani ya Boti

Mume wangu alinioa mwezi wa sita. Ilipofika mwezi wa nane nilikuwa nimeshajua kwamba alikuwa na wanawake watatu: mama yake, mimi, na boti.

Sisemi kwa wivu. Hata mimi niliipenda ile boti. Ilikuwa boti ya mbio, nyekundu, ya mbao zilizopigwa vanishi mpaka ukiinama unayaona meno yako, na injini yake ya petroli ilikuwa kubwa kama ya lori. Ikiwa imetulia kwenye bwawa pale Songwa iliinua pua kidogo, kama ndama aliyesikia mtu anamwaga chumvi. Mimi ni mtoto wa Samuye, nimesoma mpaka darasa la nne, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona kabla ya kuolewa ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikikaa ukingoni na kapu la chakula nilikuwa naota mchana kweupe: boti inatoka bwawani, inapanda mashamba ya pamba, inanifikisha kwetu, na mama anatoka nje anashika kiuno kwa mshangao.

Boti ilikuwa mali ya klabu ndogo ya pale bwawani, na mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wake. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa malori. Mama mkwe aliniambia siku hizo alikuwa akirudi nyumbani na vumbi masikioni, anakula, analala, hasemi neno. Alipopewa boti akaanza kupiga mluzi. Mimi nilimkuta tayari anapiga mluzi, nikadhani amezaliwa hivyo.

Halafu mluzi ukakatika.

Boti ilikuwa inaingiza maji. Na ilikuwa na ujanja: ukiiacha imesimama hata siku tatu, ndani pakavu. Ukiiendesha polepole, pakavu. Ukiifungulia mbio mizunguko minne, mitano, wanaopanda wanarudi viatu vimelowa. Mume wangu aliitoa majini mara tatu, akaziba kila mwanya wa chini kwa pamba na lami. Akakaza pale mahali mhimili wa propela unapotokea nje. Mara tatu akairudisha, na mara tatu maji yakaingia.

Jumatano katibu wa klabu akaja. Hakugomba. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Fundi, Jumapili tuna wageni na mashindano. Boti ikirudi tena na maji, Jumatatu nitamwita fundi wa Mwanza. Wewe utarudi kwenye malori."

Jioni ile mume wangu hakumaliza ugali. Mama yake akamtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba maji yale nimekuja nayo kutoka Samuye.

Asubuhi nikamfuata bwawani. Alikuwa amekaa juu ya tela la kubebea boti, ameshika kopo la kuchotea maji.

"Nikuulize kitu?" nikasema.

"Uliza, binti wa lambo." Ndivyo alivyokuwa akinitania.

"Mahali maji yanapotokea, wewe huwa unapatafuta wakati gani?"

"Boti ikirudi."

"Ikirudi imejaa?"

"Imejaa, ndiyo."

"Sasa hapo si kila mahali pameshalowa? Utajuaje nani alianza?"

Akaweka kopo chini. Nikaendelea, maana nikianza huwa siwezi kunyamaza: "Nyumbani paa likivuja, mama huwa hatazami dimbwi. Anamwaga majivu sakafuni mapema, mvua ikianza tu anaona tone la kwanza limepiga wapi."

"Majivu kwenye mbao zangu? Ovyo! Yatakwaruza vanishi na kuingia kwenye mashine."

"Basi unga."

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alicheka. "Unga gani?"

Nyumbani palikuwa na unga mmoja tu uliokuwa mweupe wa kutosha: unga wa udaga, wa muhogo, uliokaa kwenye chungu cha mama mkwe. Aliutwanga mwenyewe na kuuchekecha mara mbili. Alipokwenda Ijumaa kumjulia hali jirani, nikachota mabakuli mawili, nikaufunga unga kwenye khanga, nikatoka mbio.

Mume wangu alikuwa ameshafunua mfuniko wa injini na kukausha ndani kwa matambara. Tatizo likawa moja: mwanaume yule alikuwa na mabega kama mlango. Kule nyuma, kati ya injini na ubavu wa boti, mkono wake uliingia, kichwa hakikuingia. Mimi niliingia mzima. Nililala kifudifudi, nikawa nausambaza unga kwa vidole, mbele hadi nyuma, kushoto na kulia, mpaka tumbo la boti likawa jeupe kama uso wa mtoto aliyefumaniwa jikoni.

Nilipotoka kichwa kilikuwa kinazunguka. Nikashika ukingo, nikatapika kidogo majini.

Mume wangu akanitazama kwa macho makubwa. "Una mimba?"

"Mimba ya petroli," nikamjibu. "Huko chini pananuka, we! Nikiinua kichwa nafuu. Nikilala tu, naona nyota."

Hilo tukaliacha kwanza. Alipanda, akaacha mfuniko wazi kwa muda, kisha akaufunga, akawasha injini, akaifungulia. Mizunguko miwili tu. Nilisimama ukingoni nimekunja mikono kifuani. Boti ilipokata kona, maji yaliruka ubavuni kama mbawa za kanga aliyeshtuliwa, nikasahau shida zetu zote kwa jinsi ilivyopendeza.

Ilipozimwa nikaingia tena, safari hii nikiwa nimeziba pua kwa khanga.

Mbele, unga mkavu. Chini katikati, mkavu. Pale kwenye mhimili wa propela, alipohangaika mara tatu, mkavu kabisa, na alama za vidole vyangu bado zipo. Lakini upande wa kushoto palikuwa na mto. Mto mwembamba, umekata unga, umeshuka ubavuni mpaka chini. Nikaufuata kwa kidole kwenda juu. Ulianzia kwenye mdomo wa mpira wa hewa.

"Hayatoki chini!" nikapiga kelele. "Yanatoka juu! Yanaingia puani, kwenye tundu la hewa!"

Nikasikia anajipiga paji la uso.

Boti ile ilikuwa na matundu mawili ya hewa, moja kila ubavu. Kila tundu lilikuwa na mpira mnene wa kupitishia hewa mpaka kwenye injini. Wa kushoto kuingiza, wa kulia kutoa. Masika iliyopita panya waliitafuna mipira yote miwili boti ikiwa bandani. Ile ya zamani ilikuwa inatoka tunduni, inapanda kwanza hadi chini ya sitaha, inajikunja kama shingo ya korongo, ndipo inashuka. Mume wangu alipoibadilisha alikuwa na kipande kifupi, na ule mkunjo akauona ni upotevu wa mpira. Wa kushoto akaunyoosha moja kwa moja kwenda chini.

"Nilidhani walikunja kwa urembo," akasema, sauti imepungua. "Kumbe hewa inaweza kupanda kilima, maji yanarudi. Mimi nimeyachongea barabara."

"Na huu wa kulia?" nikauliza. Ulikuwa mfupi kama kidole gumba, umeishia pale pale juu.

"Huo ni wa kutolea harufu. Moshi si unapanda? Hata jikoni tundu liko juu."

Nikafikiria jikoni kwetu Samuye. Moshi ukizidi, mama hutuambia: inameni. Ukiinama unapata hewa. Lakini mle ndani ya boti nilipoinama ndipo nilipozidiwa.

"Huu moshi wa petroli una kichwa kigumu," nikamwambia. "Haupandi. Unalala chini kama mbwa mgonjwa. Shusha mpira uende kuuchukua huko uliko."

Aliniangalia namna ambayo sijaisahau. Kisha akapanda baiskeli, akaenda kuwaomba mpira mafundi wenzake wa malori, wale wale aliokuwa akiogopa kurudishwa kwao. Walimtania mpaka akachoka, lakini wakampa. Jumamosi nzima tulikuwa mle ndani, yeye akipima na kukata, mimi nikikaza waya kule asikofika. Mipira yote miwili ikapanda kilima kwanza, na wa kulia ukashuka mpaka sakafuni. Kisha tukafuta unga.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, chungu kati ya miguu.

"Shikamoo, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Unga wangu umepungua. Huko kwenu Samuye kuna njaa? Si ungesema tu, tukawapelekea gunia?"

Nikatazama chini. Mume wangu akasema, "Mama, unga umeliwa na boti."

"Boti!" akasema yule mama. "Mwanangu, mtetee mkeo kwa uongo wenye akili basi."

Hakuzungumza nasi mpaka asubuhi.

Jumapili watu walijaa bwawani. Mama mkwe naye alikuja, amevaa kitenge chake cha kanisani, akakaa mbali nami hatua tano. Boti ikaenda, katibu akiwa ndani. Sikuhesabu mizunguko, nilikuwa nimefumba macho, nikisikiliza tu. Iliporudi, katibu alishuka wa kwanza. Akatazama viatu vyake. Akapiga hatua mbili kwenye mbao za gati, akageuka kutazama kama zimeacha alama. Hazikuacha.

"Fundi," akasema, "fundi wa Mwanza simwiti tena." Akaenda kwa wageni wake.

Mume wangu akafungua mfuniko. Akaanza kupiga mluzi hata kabla hajainama. Mama mkwe akasogea, akasimama ukingoni, akachungulia mle ndani kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake mrefu kwenye pembe ya ubao, akatoa kidonge kigumu cheupe tulichokisahau. Akakivunja kwa kucha. Akakinusa. Akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Udaga wangu," akasema.

Akaja pale niliposimama, zile hatua tano zikaisha. Akanifuta grisi shavuni kwa ncha ya kitenge chake cha kanisani, akanishukuru kwa Kisukuma, akinong'ona ili mwanawe asisikie:

"Wabeja, mwanangu. Lakini siku nyingine tumia pumba. Unga ni wa kula."